Kadi Thelathini na Nane za Mama Yako

Nyumba ya Turan,
Kulpín, Bačka.
Jumatatu, 9 Februari 2004

Mpendwa mdogo wangu Betka,

Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Daniel, na kwamba Tamara na Igor wanaendelea vizuri na masomo. Je, mgongo wako umepata nafuu? Kadi yako ya Krismasi haikugusia mgongo wala kitu kingine chochote, kwa kuwa maneno yote yalikuwa yamepigwa chapa kiwandani, nawe ukaongeza jina tu. Tumeitundika jikoni hata hivyo.

Sisi hatujambo. Goti langu la kushoto limenigomea tangu Novemba na sasa naliburuta kama mkoba wa mtu mwingine. Wifi yako Hermína ana shinikizo la damu lakini kuacha chumvi hataki, na nikimkumbusha huniambia nikasahihishe karatasi zangu. Theluji ni nyingi. Kuku wamegoma kutaga.

Nguruwe tulimchinja tarehe kumi na saba mwezi uliopita. Soseji zimetoka vizuri, pilipili ya mwaka huu ni kali na vitunguu saumu havikupungua. Jirani Pavel Lačok alikuja kusaidia akalewa kabla maji hayajachemka. Baba yako alipewa kazi ya kukoroga mafuta sufuriani, kazi ya mtu aliyeketi, lakini Pavel aliteleza ulimi akasema kitu alichokisikia kwa nyanya yake, baba yako akaacha mwiko akachukua penseli, na mafuta yakaungua. Hermína hakuzungumza naye mpaka Jumanne.

Sasa nikueleze kilichonifanya nichukue kalamu. Ni kitabu cha baba yako.

Ulipoondoka kadi zake zilikuwa bado katika masanduku ya viatu chini ya kitanda. Sasa zimejaa makabati mawili katika chumba cha mbele, kile cha wageni, na wageni tunawapokelea jikoni. Ni elfu sita na ushee. Kila kadi ina neno moja, na chini yake jinsi majirani wanavyolitumia neno hilohilo kwa maana nyingine, kila mmoja akiapa kwamba yeye ndiye mwenye haki. Sisi Waslovakia tukisema hodina tunakusudia saa moja, na Mserbia wa ng'ambo ya barabara akisema godina anakusudia mwaka mzima. Rodina kwetu ni watu wa nyumbani, kwa Warusi na Wabulgaria ni nchi uliyozaliwa. Mkate tunaousifu kuwa čerstvý ndio kwanza umetoka tanurini, lakini Mpoland ukimwambia hivyo ataurudisha dukani, maana kwao ni mkate uliolala. Na listopad Wakroatia wanao mwezi wa kumi, Wacheki mwezi wa kumi na moja, ingawa majani yanawaangukia wote.

Nimesahihisha maandishi ya watu miaka thelathini na moja katika kiwanda cha uchapaji Novi Sad. Kazi hii ya baba yako, mjomba wangu, nimeisoma mara mbili, nami nasema bila upendeleo kwamba ni nzuri. Sifa nyingine usitarajie kutoka kwangu.

Kanuni yake unaikumbuka, kwa kuwa ilitusumbua sote utotoni. Neno haliulizwi. Ukimwuliza mtu nyinyi hiki mnakiitaje, atakupa neno la shuleni au la kanisani ili asionekane mshamba. Sharti ungoje limtoke mwenyewe akiwa katika shughuli zake, kisha uandike nani kalisema, wapi, na siku gani umelisikia. Ndiyo maana mwaka 1974 alikaa siku tatu kwa mjane mmoja wa Padina akimpukuchulia mahindi. Neno alilolifuata halikutoka, akarudi na vidole vimechubuka. Kamati ya Novi Sad inayogharimia uchapaji inafuata kanuni hiyohiyo, tena kwa ukali zaidi.

Na hazina kubwa kuliko zote alikuwa nayo ndani ya nyumba. Mama yako, Mungu amrehemu, alizaliwa Brestovka kule Banat, kati ya Waromania na Wahungaria, na Kislovakia cha Brestovka kilikwenda njia yake peke yake miaka mia mbili. Maneno yalikuwa yetu, maana zilikuwa zao. Leo Brestovka hupati Mslovakia hata wa dawa. Lakini mama yako alipiga marufuku penseli mezani kwake. Alisema yeye ameolewa, hakuajiriwa. Miaka thelathini na saba mjomba aliishi kando ya kisima akachota maji kwa majirani.

Mwezi wa Desemba kamati ilimtuma mkaguzi, Bi Kornélia Ďurovková, mwanamke wa miaka thelathini hivi, mwembamba, mwenye kalamu nyekundu na adabu nyingi. Alilala kwetu siku nne. Siku ya tatu alikuja jikoni na kadi thelathini na nane, akazipanga juu ya meza penye unga wa Hermína. Zote shahidi wake ni J. V. wa Brestovka, yaani mama yako. Zote tarehe zake ni kati ya mwaka 1993 na 2001. Na katika orodha ya mashahidi, kwa mkono wa mjomba mwenyewe, imeandikwa: Judita Valihorová, alizaliwa 1931, alifariki Oktoba 1992.

Hakuficha kitu, Betka. Mwizi angebadilisha tarehe, ni kazi ya dakika moja.

Bi Kornélia hakupandisha sauti. Aliniambia, “Mimi sisemi mzee ni mwongo, Bwana Adam. Nasema kadi hizi hazina mtu.” Akanieleza kwamba kamati ikiona kadi thelathini na nane zisizo na mtu, itauliza na zile elfu sita zina nani. Kitabu kinafungwa tarehe thelathini Aprili. Mjomba ana miaka sabini na tisa na moyo ambao daktari hataki hata kuusikiliza mara mbili. Hesabu hiyo hata mimi niliiweza.

Nilikwenda kwake nikiwa nimekasirika, nami nikikasirika huwa msahihishaji. Nikamwekea kadi mezani nikamwuliza anaona kosa gani. Akavaa miwani akazisoma zote, polepole, kisha akasema haoni.

“Tarehe, mjomba.”

“Tarehe ni siku ya kusikia.”

“Mtu huyu alikuwa amekufa.”

“Najua. Nilikuwepo.”

“Sasa ulimsikiaje?”

“Mara moja nilikuwa napaka ukuta chokaa, akasema. Mara nyingine nilikuwa kwenye treni. Hayaji yote kwa pamoja, Adam, huja moja moja. Nikisikia naandika siku hiyohiyo. Au ulitaka niandike tarehe ya uongo?”

Nikamwambia kwamba huko ni kughushi. Nilimwambia hivyo mzee aliyenifundisha kushika kalamu. Alizifunga kadi kwa uzi, akazirudisha kabatini, na siku ile hakugusa chakula. Niliona vibaya, na mpaka leo naona vibaya.

Nilichelewa kuelewa. Miaka yote ile mezani alikuwa akisikia na hana ruhusa ya kuandika. Mama yako alipoondoka, maneno yakaanza kumrudia, naye akayapokea kwa kanuni pekee anayoijua. Mwalimu mwingine angeyaita kumbukumbu. Yeye kumbukumbu haijui, anajua siku ya kusikia tu.

Tukaanza kutafuta shahidi mwingine. Bi Kornélia mwenyewe alitupeleka kwa gari lake hadi Zrenjanin, katika nyumba ya wazee, aliko mzee Tomáš, mtu wa mwisho tunayemjua aliyezaliwa Brestovka. Tulikaa naye saa mbili. Alizungumza Kiserbia mwanzo mpaka mwisho, kuhusu bei ya pilipili na mwenzake wa chumbani anayekoroma. Kumwuliza hatukuweza, kwa sababu ya kanuni. Alitupa matufaa tukarudi.

Ni Hermína aliyekumbuka barua zako.

Nakuomba radhi, kwa kuwa tulizisoma bila ruhusa yako. Mama yangu, shangazi yako, alikuwa amezitunza zote katika mkebe wa biskuti pamoja na cheti chake cha ubatizo, sitini na nne, kuanzia ulipofika Hamilton mwaka 1991 mpaka yeye alipofariki 1999. Baada ya hapo, ni kadi za kiwandani tu. Najua zote ulimwandikia shangazi yako na hakuna hata moja uliyomwandikia baba. Sababu naijua pia. Telegramu ya msiba wa mama yako ilikufikia siku tatu baada ya maziko, na hakuna aliyewahi kukupa maelezo. Wakati ule viwanja vya ndege vilikuwa vimefungwa kwa vikwazo na usingewahi hata kwa miujiza, lakini kuwahi ni jambo moja na kuambiwa ni jambo lingine. Sina la kumtetea.

Hukujua, lakini miaka yote hiyo ulikuwa ukiandika Kibrestovka. Mei 1993 ulimwambia mama kwamba huko kumepambazuka na hodina, ukaanika shuka zote. Si saa hiyo, wala si mwaka. Kwa mama yako hodina ilikuwa siku ya jua na upepo inayofaa kuanika nguo. Kadi ya baba yako inasema maneno hayohayo, na barua ile alikuwa hajawahi kuitia machoni. Bi Kornélia alivua miwani akaifuta, akaivaa, akasoma tena. Kisha akasema kwamba mpwa anayemwandikia shangazi yake habari za shuka hajaulizwa neno na mtu yeyote, kwa hiyo ushahidi umekubalika.

Tuliendelea hivyo Januari nzima. Mimi nilisoma kwa sauti, Bi Kornélia, aliyekuwa akija kila Ijumaa, alitia alama, na baba yako alisoma kila barua upya kwa kioo cha kukuzia kwa kuwa haamini kusomewa. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuzisoma barua zako. Alijua hapo kwamba Igor alivunjika mkono, kwamba Daniel alikaa bila kazi majira mawili ya baridi, kwamba ulifagia ofisi za watu. Mara nyingine aliacha kusoma akageukia dirisha kwa muda mrefu. Sisi tulijifanya tunapanga kadi.

Kuna ile barua ya Novemba 1992. Unaijua. Sisi tukisema chudý tunamaanisha mtu mwembamba, Wacheki humaanisha maskini, na Brestovka, naona, walimaanisha mtu aliye bahili wa neno jema. Neno hilo lilikuwa miongoni mwa yale thelathini na nane. Kadi ya mama yako ni ya mwaka 1996, na sikuuliza aliyekuwa akiambiwa ni nani. Wewe uliandika: baba ni chudý, shangazi, na mtu chudý hafi yeye, huwamaliza wenzake kwa kimya.

Niliificha barua hiyo chini ya nyingine. Nilifikiri neno moja si kitu, na mzee ana moyo mbovu. Lakini yeye alihesabu barua akaona hazijatimia, akaitafuta, akaipata. Aliisoma mara moja. Kisha akachukua kadi mpya akanakili sentensi yote kwa mwandiko wake wa kialimu, akaweka jina lako, mji na tarehe, hakuacha hata nukta. Nilimwambia kwamba nusu yake ingetosha.

“Shahidi hakatwi,” akasema.

Basi hivi ndivyo tulivyo. Maneno thelathini na moja yamepata mtu, na mtu huyo ni wewe. Kamati imepoa, haiulizi tena habari za elfu sita. Yamebaki yale saba ambayo katika barua zako hayamo. Yakikosa shahidi yatatolewa, na kwa kuwa Brestovka hakuna wa kuyasema, maana zake hazitakuwa mahali popote tena. Kitabu kitatoka bila hayo, na hakuna msomaji atakayejua kuna pengo. Mjomba atajua. Hulitazama lile fungu la kadi saba kila asubuhi kabla ya kahawa, na juzi nilimkuta amelifunga kwenye kitambaa cha mama yako cha kichwani. Inaniuma kumwona hivyo, nami si mtu wa kuumwa ovyo.

Sitakuambia ni maneno gani. Nikikuambia nimeyaua, na wa kwanza kuyakataa atakuwa baba yako mwenyewe. Hata barua hii nimeiandika kwa lugha ya gazeti makusudi, nisije nikakutilia neno mdomoni.

Ninachoomba ni barua. Isiwe ya kiwandani. Iwe ndefu, ya lugha uliyolelewa nayo jikoni, na uiandike bila kujichunga. Andika kuhusu bata waliowagombanisha mama zetu mpaka Pasaka. Andika kuhusu soksi mama yako alizokufumisha na kukufumulisha. Au andika kuhusu Hamilton, majirani zako, mvua, chochote, mradi usikilize anavyosema yeye unapoandika. Nilimwuliza Bi Kornélia kama barua iliyoombwa inafaa. Alifikiri kwa muda wa kikombe kizima cha kahawa akasema kwamba barua imeombwa, maneno hayajaombwa, inapita. Posta kutoka kwenu huchukua siku kumi na nne au zaidi, kwa hiyo ukiandika kabla ya Aprili tutawahi.

Huenda hata moja kati ya yale saba lisitoke. Huenda uliyasahau, au mama yako hakuwahi kuyasema mbele yako, mume na mke wana maneno yao. Na kama hutaki kuandika kabisa, sitakulaumu. Mtu aliyeumizwa na kimya ana haki ya kukirudisha kwa mwenyewe. Ila mimi ningependa uandike. Nimezisoma barua zako sitini na nne, nimegundua kwamba nilikuwa nakukosa, nami sikuwa nalijua hilo.

Hermína anakusalimu sana, anasema atakutumia mbegu za pilipili akijua forodha ya kwenu hawatazitupa. Mwanangu Vladko anakusalimu, bado hajaoa, usimwulize. Pavel Lačok anakusalimu na anakana kwamba alilewa. Nisalimie shemeji Daniel na watoto, umwambie Igor mkono uliovunjika huwa mzuri kutabiri theluji. Mungu awalinde mlipo, awape afya, na meza yenu isikose mkate wala mtu wa kuula naye.

Baba yako ameisoma barua hii kabla sijaifunga, kwa kuwa katika nyumba hizi hakuna karatasi isiyopita machoni pake. Amesahihisha mahali pawili. Penye habari za telegramu hakusahihisha kitu. Kisha ameomba nafasi chini ya jina langu, nami nimemwachia.

Wako akupendaye, hata ukikaa kimya,
kaka yako,
Adam Turan

Betka. Telegramu niliiandika mara kumi na moja. Kila neno niliona si lenyewe nikalifuta, siku zikapita. Kosa ni langu, si la posta. Hayo maneno saba yaache. Niandikie mimi.
Baba